Masaa Saba ya Annie Yamepotelea Wapi?

Ukitoka kiwanja cha ndege cha Bunia, mashariki mwa Congo, ukiteremka kuelekea sokoni, utapita wauza petroli ya chupa, utapita kinyozi mwenye redio ya kelele, halafu utaliona benchi letu. Mguu wake mmoja ni tofali. Mama Kavira huweka mabirika yake hapo tangu saa kumi na mbili asubuhi, moja la kahawa na moja la chai ya tangawizi. Mimi nauza kadi za simu kwenye kimeza kilicho kando, kwa hiyo nasikia kila kitu, hata yale nisiyotaka kusikia. Jumamosi ile benchi lilijaa mapema kuliko kawaida, na habari ilikuwa moja tu: Annie wa Semelle anakuja.

Semelle ni Papa Léon, mshona viatu ambaye meza yake ya kazi iko kando ya benchi. Tulimpa jina hilo, yaani soli kwa Kifaransa, kwa sababu hawezi kusalimiana na mtu bila kumtazama soli kwanza. Binti yake Annie aliondoka akiwa msichana, akapitia Uganda, akachukuliwa Canada kama mkimbizi, na sasa ni miaka kumi na moja anaishi Montréal. Siku aliyopanda ndege pale Entebbe, baba yake alikuwa bado njiani, lori limezama kwenye tope. Alifika uwanjani mchana, na ndege ilikuwa imeondoka usiku. Hajamsamehe mtu kwa siku ile, na wa kwanza ambaye hajamsamehe ni yeye mwenyewe. Sasa Annie anakuja kwa siku tisa tu. Bunia hatafika, ataishia Kampala, lakini anakuja na mtoto wake wa miaka minne, ambaye babu yake hajawahi kumshika hata kidole. Annie alituma ujumbe wa sauti. Semelle alitusikilizisha mara sita, na mara zote sita machozi yalimtoka palepale, Annie anaposema: "Baba, tukitoka kwa mulango ya Entebbe, nataka weye njo mutu wa kwanza mutoto ataona."

Baada ya sauti kukawa na picha ya tiketi. Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Prof, yaani Élisée, ambaye anafundisha jiografia na hapendi mtu mwingine ashike kalamu akiwepo, alichana kipande cha katoni ya sabuni akaandika, siku kwa Kifaransa, lundi kwa Jumatatu na mardi kwa Jumanne.

PROF: Munyamaze! Anatoka Montréal lundi, 18h40. Anafika Bruxelles mardi, 7h30 ya asubui. Anatoka Bruxelles 10h30. Anafika Entebbe 19h40, mardi ile ile. Donc kutoka 18h40 mupaka 18h40 ya kesho yake ni masaa vingt-quatre. Ongeza moja. Vingt-cinq! Mutoto wetu atakuwa mu njia masaa vingt-cinq, makumi mbili na tano.

SEMELLE: Vingt-cinq! Na mutoto mudogo? Atakaa masaa vingt-cinq na makalio yake moja?

TOUR: Uongo.

Huyo Tour ni Guelord. Anabeba mizigo pale kiwanjani kwetu, na tangu siku rubani mmoja alipompa kofia yake kuukuu, tunamwita Tour de Contrôle, mnara wa kuongozea ndege. Tukiwa na haraka, Tour tu. Alisimama, akaisogeza ile kofia nyuma.

TOUR: Prof, weye unajua karte ya dunia, miye najua avion. Avion ya Montréal mupaka Bruxelles inatumia masaa sita na dakika makumi tano. Niliuliza pilote jana, uso kwa uso. Bruxelles mupaka Entebbe, masaa munane na dakika kumi. Ukichanganya ni kumi na tano. Weka na ile masaa tatu ya kungoja Bruxelles. Kumi na munane. Finis.

PROF: Soma tiketi!

TOUR: Nimesoma!

PROF: Ticket inasema vingt-cinq!

TOUR: Na pilote anasema kumi na munane!

Mama Kavira alikuwa anamimina kahawa. Akasimamisha mkono.

KAVIRA: Basi masaa saba iko wapi?

Swali lile lilitua kati ya benchi kama kuku aliyeruka ukuta, na kila mtu akataka kumkamata. Kilomètre ndiye aliyerukia kwanza. Jina lake ni Fulgence, aliendesha Fuso miaka ishirini na nane, na mpaka leo akikaa mahali anatafuta breki kwa mguu.

KILOMÈTRE: Nyiye hamujue safari. Masaa saba ni ya chauffeur kulala. Hakuna mutu anaweza kushika volant masaa yote bila kufunga macho. Miye nikichoka pale kwa mulima, naweka mawe ku mapira, nalala. Ule pilote naye anasimamisha.

TOUR: Anasimamisha wapi, Muzee? Juu?

KILOMÈTRE: Juu! Wingu ingine iko nguvu.

TOUR: Na mawe anaweka wapi?

KILOMÈTRE: Weye unabeba tu bagage, hauwezi kujua.

Benchi lilicheka mpaka tofali likasogea. Tukalirudisha. Semelle hakucheka, alikuwa ameshika simu kwa mikono yote miwili, ameitazama tiketi ile kana kwamba ataona masaa yamejificha nyuma ya kioo.

SEMELLE: Prof, musinichezee. Atafika mardi kweli? Ao masaa saba ikipotea atafika lundi?

PROF: Lundi hawezi, lundi njo anatoka.

SEMELLE: Miye nafikia Entebbe mara ya pili mu maisha. Ya kwanza munaijua. Ya pili haiwezi kuwa vile.

TOUR: Papa Léon, tulia, nitakufasiria. Weye uliona ndani ya avion kubwa? Mu dirisha munakuwa kakifuniko. Usiku, ile madada wa avion wanapita: "Mufunge madirisha, mufunge madirisha." Juu ya nini? Juu watu wasione. Kule juu ya bahari wanakata usiku.

KAVIRA: Wanakata na nini?

TOUR: Na mbio! Avion inapita mbio, inakata usiku kipande. Mutu anakula, analala kidogo, anafungua dirisha, jua! Anasema asubui imefika. Kumbe usiku yake iliisha nusu. Ile nusu njo masaa saba.

PROF: Guelord, huu ni upumbavu.

TOUR: Basi leta yako!

Prof akakohoa. Nilimjua, alikuwa anatafuta neno kubwa la kujificha ndani yake.

PROF: Ni... rotation. Dunia inazunguka. Avion ikitoka Montréal, Entebbe nayo inakuja kuikutana. Donc njia inafupika.

KILOMÈTRE: Entebbe inatembea?

PROF: Dunia yote inatembea.

KILOMÈTRE: Na Bunia?

PROF: Na Bunia.

KILOMÈTRE: Prof, miye nimekaa hapa toka asubui, na ile kinyozi haijasogea.

Hapo benchi likawaka kabisa. Watu wawili waliokuwa wanapita na mkokoteni wakausimamisha wasikilize. Kilomètre alipata nguvu mpya, akasimama, akaanza kupiga hesabu kwa vidole vilivyojaa makovu ya jeki.

KILOMÈTRE: Ngoja, ngoja! Kama mutu anatoka kule na anapungukiwa masaa saba, basi anafika akiwa mudogo. Si kweli? Annie atafika mudogo kwa masaa saba. Ukizunguka mara ine, siku moja na kipande imeenda. Ukizunguka mwaka muzima... Ekie! Miye nitapandisha bibi yangu mu ile avion mupaka arudie mwaka ile tulioana!

TOUR: Na weye utabaki muzee hapa?

KILOMÈTRE: Miye nitamungoja kwa mulango.

KAVIRA: Atashuka, akuone, arudie mu avion.

Nakwambia nilicheka hadi kadi zangu za simu zikamwagika. Lakini Semelle alikuwa amekunja uso. Alikuwa amekwama mahali pengine kabisa.

SEMELLE: Na mutoto? Iko na miaka ine tu. Wakimupunguzia masaa saba, haitamuletea ugonjwa? Miye namungoja mujukuu muzima.

Hakuna aliyemcheka. Ni mtu asiye na moyo tu ndiye angecheka. Mama Kavira akaweka birika chini, akajipangusa mikono kwenye kitenge, akavuta kiti chake cha plastiki karibu na Semelle. Huyu mama kila Jumatano huteremka Kasenyi, ziwani, kuchukua samaki wa kuuza jioni. Hajui jiografia ya Prof wala kofia ya Tour. Ila simu yake anaijua.

KAVIRA: Papa Léon, unisikilize miye, achana na hawa. Juzi nilikuwa Kasenyi. Niko nakaa chini, napanga samaki, naangalia simu: saa tano ya mchana. Napanga samaki mbili, tatu, naangalia tena: saa sita! Sijatikisika. Sijalala. Avion sina. Saa moja imeenda wapi?

KILOMÈTRE: Wameiiba Kasenyi. Kule wanaiba.

KAVIRA: Hakuna mwizi! Simu ilishika réseau ya Uganda. Kule ngambo wako na saa yao, siye tuko na yetu. Siye tukisema tano, wao wanasema sita, na jua ni ile ile moja juu ya kichwa. Ndugu yangu mukubwa iko Kinshasa, nikimupigia saa mbili ya asubui ananitukana, juu kwake ni saa moja, bado analala. Na ni inchi yetu hii hii! Basi kama hapa kwa ziwa tu saa inaruka moja, kule Montréal ni mbali namna gani? Itaruka saba! Hakuna mutu anakata usiku. Ni kila mahali na saa yake.

Prof akapiga goti lake kwa ile katoni.

PROF: Décalage horaire, tofauti ya saa! Njo neno nilikuwa natafuta! Décalage horaire!

TOUR: Ulikuwa unatafuta rotation.

PROF: Ni kitu moja!

KILOMÈTRE: Mama wa samaki amefundisha Prof!

Kelele zilizotoka pale zilimtoa kinyozi nje na mkasi mkononi, na mteja wake nyuma yake, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Tour alimvisha Mama Kavira kofia ya rubani. Prof alikubali kushindwa kwa namna yake, yaani alianza kueleza yale yale aliyoyasema Mama Kavira, kwa Kifaransa, kwa sauti ya juu zaidi. Akachora jua, akachora Bunia, akachora Montréal mbali pembeni.

PROF: Munaona? Uganda na Montréal ni masaa saba, siye na Montréal ni sita. Sasa hivi hapa kwetu ni saa ine ya asubui, jua iko kali. Kwa Annie ni saa kumi ya usiku. Watu wote wamelala. Hata kuku inalala.

SEMELLE: Umesema saa ngapi?

PROF: Saa kumi ya usiku.

SEMELLE: Hapana. Prof, hapana. Rudia.

PROF: Muzee, ni hesabu. Sisi saa ine ya asubui, yeye saa kumi ya usiku.

Semelle akaweka simu kwenye mapaja yake. Nilidhani amepatwa na kizunguzungu, nikainuka.

SEMELLE: Annie ananipigia kila dimanche saa ine ya asubui. Mbele niingie misa ya pili. Kila dimanche. Miaka kumi na moja.

Akaiinua simu tena, akakitazama kioo.

SEMELLE: Na nyuma yake siku zote ni giza. Taa moja tu. Miye niliwaza ni juu ya baridi, kwamba kule hawafungue madirisha. Sauti yake ilikuwa ya usingizi, nikamugombeza. Nilimuuliza, "Annie, unakunywa pombe?" Akacheka. Akasema, "Hapana Baba, niko sawa." Hakuniambia. Alikuwa anaamka saa kumi ya usiku juu yangu, na miye namugombeza!

Machozi safari hii yalikuwa mengine. Mama Kavira alimshika bega. Mimi mwenyewe niligeuka nikajifanya napanga kadi. Kilomètre, ambaye hawezi kuvumilia mtu akilia karibu naye, akaanza kupiga kelele za furaha za kulazimisha.

KILOMÈTRE: Si anakuja! Semelle! Si anakuja! Prof, ni kilomètre ngapi ile njia yote?

PROF: Montréal–Bruxelles, elfu tano na mia tano hivi. Bruxelles–Entebbe, elfu sita na kitu. Tuseme elfu kumi na mbili.

KILOMÈTRE: Elfu kumi na mbili! Na masaa kumi na munane! Fuso yangu ingemaliza mapira makumi mbili!

TOUR: Na ikifika mardi saa moja na dakika makumi ine ya mangaribi, saa ya Uganda, munajua hapa itakuwa saa ngapi? Saa kumi na mbili na dakika makumi ine! Miye nitakuwa hapa na kofia yangu, nitaangalia juu!

PROF: Haitapita juu ya Bunia.

TOUR: Nitaangalia hata ivyo!

Semelle naye akaanza kucheka katikati ya machozi yake. Benchi lote likawa linahesabu kwa sauti, dakika kwa dakika: mtoto atakula saa ngapi, atalala saa ngapi, Bruxelles ataona nini. Tulikuwa tumeishika safari ile nzima kiganjani. Ungetuuliza dakika yoyote ya Annie angani, tungekujibu.

Wakati ule mama mmoja alikuwa ameketi mwisho wa benchi, hatukumwona alipofika. Viatu vyake, viatu vya plastiki, vilikuwa na tope kavu mpaka kwenye vifundo vya miguu, na nyusi zake zilikuwa nyekundu kwa vumbi. Aliomba chai ya tangawizi. Alisema anaitwa Honorine na analeta maharagwe. Akanywa nusu kikombe kwanza, akitusikiliza. Kisha akamgeukia Semelle kwa heshima.

HONORINE: Papa, pongezi kwa mutoto.

SEMELLE: Merci, mama, merci!

HONORINE: Na weye mwenyewe utatoka hapa lini?

SEMELLE: Lundi, asubui mapema. Laissez-passer, karatasi ya kuvuka Uganda, iko tayari mu mufuko.

HONORINE: Bunia mupaka Entebbe ni masaa ngapi?

Semelle akamtazama Prof. Prof akatazama katoni yake, iliyojaa namba pande zote mbili, akaigeuza, akaigeuza tena. Tour akavua kofia kwenye kichwa cha Mama Kavira, akaishika tu mkononi. Tukabaki na Kilomètre, mtu wa miaka ishirini na nane barabarani.

KILOMÈTRE: Mupaka Mahagi, pale unavukia Uganda, ni kilomètre mia na makumi munane.

HONORINE: Masaa, Papa.

KILOMÈTRE: Masaa... Kama mvua haikunyesha. Kama ile kadaraja iko. Kama askari wa barrière wako na roho muzuri. Kama lori ingine haikulala mbele. Miye nilishaifanya na masaa tano. Nilishaifanya na... Mama, iyo haina masaa.

KAVIRA: Apitie Kasenyi, apande mashua.

KILOMÈTRE: Kama mupepo iko sawa.

KAVIRA: Kama mupepo iko sawa, ndiyo.

TOUR: Apande kandege.

PROF: Kandege ni ka watu wa mashirika ya misaada, Guelord. Unajua.

Guelord alijua. Ni yeye anayewabebea mizigo. Kilomètre akamgeukia yule mama, na nilimwona tayari anaogopa jibu.

KILOMÈTRE: Mama Honorine, weye umetoka wapi na hii maharagwe?

HONORINE: Mahagi.

KILOMÈTRE: Lini?

HONORINE: Jeudi. Lori, kisha pikipiki, kisha miguu, kisha lori ingine.

Alitoka Alhamisi, na sasa ilikuwa Jumamosi saa nne na robo, jua limewaka. Semelle alikunja meza yake ya kazi. Viatu vya watu alivipanga jozi kwa jozi chini ya kimeza changu, akanionyesha vya nani na vya nani, akaacha sindano imechomekwa kwenye kidonge cha uzi. Mwanzoni hatukuelewa.

PROF: Muzee, leo ni samedi. Mutoto anafika mardi.

SEMELLE: Najua.

PROF: Sasa unaenda wapi?

SEMELLE: Entebbe.

KAVIRA: Papa Léon, siku tatu! Utalala wapi kule?

SEMELLE: Kwa mulango.

Aliita pikipiki ya abiria kwa mkono. Mama Kavira alikwishaanza kujaza kahawa kwenye chupa ya maji, bila kuulizwa, akaifunga kwa karatasi isimuunguze. Kilomètre alivua koti lake la zamani la udereva akamvisha, akamfunga vifungo mwenyewe hadi shingoni, kama anayempeleka mtoto shule. Tour akamkumbusha abadilishe saa akivuka. Prof akabaki amesimama na kalamu.

PROF: Ungengoja hata kesho. Uende nyumbani, ulale, utoke muzuri.

Semelle alikuwa amekwisha kupanda. Alitugeukia, na sijawahi kuuona uso wake vile.

SEMELLE: Yeye ameamka saa kumi ya usiku kila dimanche, miaka kumi na moja, ili anikute. Prof, unataka miye leo nilale?

Akampiga dereva bega, na pikipiki ikashika barabara ya Mahagi.